Wimbo Uliokataa Kuvuka: Kwa Nini VST2 Haijaondoka Studioni Kwangu

Mwezi Agosti 2025 mwalimu wa kwaya moja ya Sengerema alikuja studioni kwangu hapa Kirumba, Mwanza, na ombi ambalo nililiona dogo. Kwaya yake ilirekodi kwangu wimbo mmoja mwaka 2013. Waimbaji wawili wa sauti ya kwanza wameshafariki, na familia zao ziliomba wimbo ule utolewe upya, sauti za marehemu zisogezwe mbele kidogo na vyombo virudi nyuma. Mwaka ule walipokuja kurekodi walisubiri kivuko pale Busisi tangu alfajiri, wakafika kwangu saa nane mchana wakiwa wamechoka hata kabla ya kuimba. Safari hii mwalimu alipita kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni mwaka huo huo, na aliponipigia simu kwamba yuko Buhongwa nilikuwa bado sijamaliza kufagia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Hii ni kazi ya nusu saa tu, au siyo?"

"Nusu saa inatosha, mwalimu," nilimjibu.

Faili la mradi lilifunguka bila shida. Sauti za waimbaji zilikuwepo zote, ngoma zilikuwepo, gitaa la besi lilikuwepo. Kilichokosekana ni kinanda. Njia tatu zilizobeba ogani, vinubi na ile sauti ya kengele inayoingia kwenye kiitikio zilikuwa kimya, na mahali pa plagini, ile programu ndogo inayotoa sauti ya ala, palikuwa na ujumbe kwamba haikupatikana. Plagini ile ilikuwa ya VST2, kiwango cha zamani cha kuunganisha plagini na programu kuu ya studio. Niliinunua kihalali kutoka kampuni moja ya nje, ambayo sitaitaja, na kompyuta niliyoisakinishia iliungua bodi mwaka 2021 siku ambayo umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache. Kampuni yenyewe ingali hai na ingali inauza ala ile kwa jina lile lile, lakini sasa kwa VST3 pekee, kiwango kilichofuata. Kisakinishi cha zamani kimeondolewa, na hata nakala niliyokuwa nimeitunza kwenye diski ya nje ilidai kuidhinishwa na seva ambayo haiitiki tena. Nilipoweka toleo jipya lilifunguka tupu, kama kinanda kilichotolewa kwenye boksi asubuhi ile, kwa sababu halikuandikwa liweze kuisoma mipangilio ya toleo lililolitangulia.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mipangilio ile haikuwa imepotea. Natumia Reaper, programu ya kurekodia, na faili lake la mradi ni maandishi ambayo mtu anaweza kuyafungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Nililifungua. Kila kitufe nilichokizungusha mwaka 2013 kilikuwa kimeandikwa mle, kimefungwa katika herufi na tarakimu zisizosomeka, mstari juu ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa. Kengele ya mwalimu ilikuwa mbele ya macho yangu, na katika kompyuta nzima hapakuwa na programu hata moja iliyoijua lugha ile.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaokuja studioni kwa nini mtu wa umri wangu wa kazi bado anatunza plagini za VST2 kama mtu anayetunza majembe mabovu, ilhali VST3 ina miaka 18 tangu itoke na CLAP, kiwango kipya zaidi, nayo imeshafika. Jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba watu ni wazito wa kubadilika. Nimelisikia sana na siliamini, au niseme lina ukweli mdogo mno. Uchelewaji huu una sababu zake, na nyingi ni za haki.

Kwa msomaji asiyefanya kazi hii nieleze kwanza kinachobishaniwa. Programu kuu ya studio, iwe Reaper, Cubase, FL Studio au nyingine, haitengenezi kila sauti yenyewe, bali huziita plagini, ambazo ni programu ndogo zinazoishi ndani yake: moja ni ogani, nyingine ni mwangwi, nyingine ni kompresa. Sauti ya kipimo cha CD ni sampuli 44,100 kwa kila sekunde, na programu kuu huzikata katika mafungu, tuseme ya sampuli 256, ambalo kila moja ni chini kidogo ya milisekunde 6. Fungu likifika, programu kuu huiambia plagini: pokea hizi, noti zilizobonyezwa ni hizi, vitufe vilivyosogea ni hivi, nirudishie sauti kabla fungu lijalo halijafika. Plagini ikichelewa tunasikia mikwaruzo. Kiwango cha plagini, basi, ni makubaliano ya namna ya kusemezana hayo yote: noti inaelezwaje, vitufe vinahesabiwaje, dirisha la plagini linachorwaje, na mradi unapofungwa mipangilio inakabidhiwaje ili siku ya kufunguliwa irudi ilivyokuwa. Kipengele hicho cha mwisho hakizungumzwi sana kwenye matangazo, nacho ndicho kilichomnyima mwalimu wimbo wake.

Steinberg ya Ujerumani iliitoa VST mwaka 1996 pamoja na Cubase, na toleo la pili la mwaka 1999 likaziruhusu plagini kupokea noti za MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta hupashana noti, ndipo ala za kompyuta zikaanza kuzaliwa kwa wingi. VST2 ilikuwa nyepesi kuandika. Mtu mmoja aliyejifunza lugha ya C kiasi cha kutosha aliweza kutengeneza kichujio cha sauti kwa siku chache na kukitoa kama faili moja la DLL, aina ya faili la programu la Windows. Apple walikuwa na Audio Units zao, Pro Tools ikawa na mlango wake wa pekee, lakini huku kwetu, ambako kompyuta karibu zote za studio ni za Windows na nyingi ni za mtumba, neno plagini na neno VST yalikuwa kitu kimoja, na hata leo kijana akikuomba "unipe VST" haulizi kiwango, anaomba sauti.

VST3 ilifika mwaka 2008. Ilikuwa na mambo mazuri ambayo sina budi kuyakiri: mwendo wa vitufe unaofika kwa wakati wake hadi ngazi ya sampuli moja, njia za sauti za pembeni zilizo nadhifu zaidi kwa ajili ya kompresa, na nafasi ya plagini kupumzika pasipo na sauti ili isile prosesa bure. Pamoja na uzuri huo, Reaper iliipokea mwaka 2015 katika toleo la 5, na Ableton Live haikuipokea hadi toleo la 10.1 mwaka 2019. Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao VST3 ilitoka alikuwa amefika darasa la tano.

Nimewahi kudhani kwamba kosa lilikuwa la waundaji wa plagini, mpaka nilipojaribu kuelewa walichoombwa kufanya. Makubaliano ya VST3 yaliamua kwamba plagini isipokee ujumbe wa MIDI kama ulivyo. Noti zina njia yake, lakini gurudumu la kupinda sauti na vidhibiti vya kinanda vilitakiwa vigeuzwe kuwa vitufe vya plagini kabla havijaingia. Kwenye karatasi ni wazo safi. Muundaji mwenye msimbo wa miaka kumi unaosubiri ujumbe wa MIDI analiona kwa namna nyingine, na ujanja uliosambaa zaidi, uliomo ndani ya JUCE, ambayo ni zana inayotumiwa na waundaji wengi sana, ni kutangaza vitufe vya bandia kwa kila aina ya ujumbe na kila chaneli: 130 mara 16, jumla 2,080, ambavyo mwanamuziki hatakiwi hata kujua vipo. Mimi nimeviona. Programu moja niliyoijaribu ilivipanga vyote kwenye orodha ya kuchagua kitufe cha kurekodi mwendo wake, nikawa nashuka na kipanya kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya wapiga kura.

Tena, muundaji huyo akishafanya kazi yote hiyo anapata nini? Mteja aliyenunua plagini ya VST2 alishalipa. Atapewa VST3 bure, atalalamika ikiwa na hitilafu, na bado atataka VST2 iendelee kufanya kazi kwa sababu nyimbo zake za zamani zimo humo. Hivyo kazi inaongezeka mara mbili, Windows na Mac, kila programu kuu na tabia zake, na fedha haiongezeki. Programu kuu nazo zilitazama zikaona plagini karibu zote zinapatikana kwa VST2, zikaona hakuna haraka. Kila upande ulisimama ufukweni ukisubiri mwenzake aingie majini kwanza.

Kilichoinua miguu yao ni leseni. Kuanzia Oktoba 2018 Steinberg hawakutoa tena leseni mpya za VST2: aliyekuwa ametia saini mkataba mapema aliendelea, asiyetia saini alikuta mlango umefungwa. Januari 2022 wakatangaza kwamba katika miezi 24 programu zao wenyewe zingeacha kuipokea. Kwa hiyo kijana aliyeanza kuandika plagini mwaka 2019 hakuwa na ruhusa ya kutumia kiwango ambacho kila mtu mwingine alikuwa akikitumia, hata kama msimbo wenyewe ulikuwa rahisi kuliko wa VST3. Haki ya kufunga mlango Steinberg walikuwa nayo kisheria, kwa kuwa kiwango kilikuwa mali yao. Ila mtu yeyote aliyejenga maktaba ya nyimbo juu ya mali ya mwingine alipaswa kushtuka siku ile, na mimi sikushtuka, nilikuwa nashughulika na harusi.

Sasa tuje Mwanza, kwa sababu hapa sababu za kuchelewa zina sura nyingine. Vijana wengi wanaotengeneza biti Mabatini, Igoma na Nyakato walianza na flashi. Flashi inatoka kwa prodyuza mmoja kwenda kwa mwingine ikiwa na folda moja iliyojaa DLL. Unainakili, unaionyesha programu kuu mahali ilipo, imekwisha. Sehemu kubwa ya vilivyomo havikununuliwa, na sitaki kulifunika hilo, kwa kuwa nami nilianza hivyo hivyo na ilinichukua miaka kusafisha nyumba. Lakini hata plagini za bure zilizo halali zilisambaa kwa njia hiyo hiyo, kwani DLL moja hukaa popote unapoiweka. VST3 ina makao yake maalumu ndani ya folda ya Common Files, na kwa kawaida huja katika kisakinishi kinachotaka ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, mara nyingi na akaunti, mara nyingine na intaneti ya kuthibitisha ununuzi. Mtu anayepakua kwa bando la usiku, akiomba umeme usikatike faili likiwa limefika asilimia tisini, ana kila sababu ya kupendelea kitu kinachoingia kwenye flashi kikatoka kizima.

Kijana mmoja wa Igoma aliniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani.

"Kaka, hii VST3 inaongeza nini kwenye biti?"

"Kwenye biti yenyewe, mdogo wangu, haiongezi kitu."

"Sasa niihangaikie ya nini?"

Aliuliza sawasawa. Ala ile ile, iliyoandikwa na mtu yule yule, ikitoka kwa VST2 na ikitoka kwa VST3 hutoa sauti ile ile. Msikilizaji wa daladala ya kwenda Buzuruga hatajua, mchungaji aliyelipia kurekodi hatajua, na masikio yangu mwenyewe hayajui. Faida za kiwango kipya zipo chini ya sakafu, kwenye mabomba, na anayefaidika nazo kwanza ni muundaji, halafu mtengenezaji wa programu kuu, na mwanamuziki anakuja wa tatu. Gharama ya kuhama, kinyume chake, inaanza kwa mwanamuziki: ni yeye atakayefungua nyimbo mia mbili moja baada ya nyingine kuona ipi imepoteza kinanda.

CLAP ilifika katika hali hiyo. Ilitolewa mwezi Juni 2022 na kampuni mbili za Berlin, Bitwig na u-he, lakini mizizi yake ni ya nyuma zaidi, kwani Alexandre Bique alikuwa ameianza mwaka 2014. Imeandikwa kwa namna ya lugha ya C, jambo linalomrahisishia hata anayetumia lugha nyingine. Msingi wake ni mdogo, na mambo mengine yote huongezwa kama viendelezi ambavyo plagini inaweza kuvikubali au kuviacha. Programu kuu inaweza kusoma orodha ya vilivyomo ndani ya plagini bila kuiamsha plagini nzima, kwa hiyo ule ukaguzi wa asubuhi unaochukua muda wa chai nzima hupungua. Plagini inaweza pia kuiomba programu kuu igawe kazi yake kwa viini vyote vya prosesa badala ya kila plagini kuanzisha wafanyakazi wake na kugombania nafasi. Kwa mtu mwenye kompyuta ya mtumba ya GB 8 hayo mawili si madogo.

Jambo ambalo wenyewe huliweka mbele zaidi ni urekebishaji wa noti moja moja. Katika MIDI ya kawaida, iliyoanza mwaka 1983, ukipinda sauti kwa gurudumu unapinda noti zote za chaneli ile kwa pamoja. CLAP inaruhusu kila noti ndani ya kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, iwe na mwendo wake, na programu kuu inaweza kukisogeza kitufe kwa muda kwa ajili ya noti moja bila kuigusa thamani uliyoiweka kwa mkono. VST3 nayo iliongeza wazo linalokaribiana na hilo mwaka 2011, na sijaona wengi wakilitumia.

Mimi nilikuwa na sababu ya kulitaka. Nimewahi kurekodi mpiga litungu kutoka Tarime, na nyuzi zake, kama ajuavyo yeyote aliyejaribu kuuwekea muziki wa asili kinanda, zilikaa katikati ya vitufe vyangu: moja chini kidogo ya la, nyingine juu kidogo ya re. Nilitaka kuweka sinthesaiza ya chini kabisa, laini, ifuate nyuzi zile badala ya kuzibishia. Nilichukua toleo la majaribio la programu kuu ya Bitwig, nikaifungua Surge XT, sinthesaiza ya bure ambayo msimbo wake umekuwa wazi tangu 2018, kwa CLAP, nikavuta noti moja chini na nyingine juu ndani ya kodi ile ile. Ilikaa. Mzee mwenyewe, aliyekuwa amevumilia vinanda vyangu kwa adabu muda wote, aliinua kichwa. Toleo lile la majaribio halikuruhusu kuhifadhi, kwa hiyo nilipolifunga kazi ile iliondoka.

Nikarudi Reaper na kuifanya kwa njia nyingine: Surge XT inaweza kusoma faili la mizani ya sauti, nikaandika mizani ya litungu lile humo, na plagini ikafuata. Hilo lilifanya kazi kwa VST3 sawasawa na kwa CLAP. Naliandika kwa ukamilifu kwa sababu ndivyo viwango vipya vinavyocheleweshwa hata pale vinapoleta kitu cha kweli. Fundi akishapata njia ya uchochoroni inayomfikisha, barabara ya lami inaweza kusubiri, na kila fundi ana uchochoro wake.

Upande wa programu kuu, hadi ninapoandika Bitwig inaipokea CLAP, Reaper inaipokea tangu mwaka ule ule wa 2022, Studio One imeipokea katika toleo la 7, na FL Studio, ambayo ndiyo inayotawala kwa vijana wa hapa, imejiunga pia. Ableton Live, Cubase, Logic na Pro Tools bado. Muundaji anayetaka kuuza hawezi kuacha wateja wa hao wanne, kwa hiyo CLAP inakuwa ya ziada, haiwi mbadala. JUCE hadi toleo la 8 haikuwa nayo ndani, na waliotaka walitegemea kiendelezi kilichoandikwa na watu wa kujitolea. Kuna pia kifungashio kinachomwezesha muundaji kuandika CLAP mara moja na kuitoa ikiwa imevaa nguo za VST3 au Audio Units, nami naliona hilo kuwa la busara kuliko kampeni zote, maana kiwango kinaweza kuingia nyumbani kwa watu bila kuwaomba wahame.

Mambo ya sauti hayakunishawishi sana kuhusu CLAP. Kilichonishawishi ni kwamba tangu siku ya kwanza leseni yake ni ya MIT: yeyote anaweza kuandika plagini au programu kuu bila mkataba na bila kuomba ruhusa, na hakuna atakayeamka siku moja akafunga mlango. Baada ya Oktoba 2018 hoja hiyo haihitaji wakili. Kisha mwezi Oktoba 2025 Steinberg wenyewe waliiweka VST3 chini ya leseni hiyo hiyo ya MIT. Sidai kujua walichozungumza ofisini kwao. Nasema tu kwamba baada ya hapo sababu yangu kubwa ya kuwahubiria vijana wahamie CLAP ilipungua nusu, na nimepunguza mahubiri.

Msomaji makini atakuwa ameshaona kwamba kisa cha mwalimu hakiilaumu VST2 peke yake. Seva ya uidhinishaji ingekufa hata kama plagini ingekuwa CLAP. Leseni ya kiwango ni jambo moja na kufuli la plagini ni jingine, nami kwa muda mrefu niliyachanganya. Hata hivyo, lipo kosa moja ambalo ni la uhamaji wenyewe. Steinberg waliweka utaratibu wa plagini ya VST3 kubeba utambulisho wa ile ya VST2, ili programu kuu iweze kuiweka mahali pa ya zamani na kuikabidhi mipangilio iliyohifadhiwa. Waundaji wengine waliufuata, nami nina ala mbili zilizovuka hivyo bila mimi kujua zimevuka. Kampuni ninayoilalamikia haikuufuata, na niliponunua hapakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba haitaufuata. Ningependa swali hilo, la kama toleo la kesho litasoma mipangilio ya leo, liwe la kwanza kuulizwa kwenye kila tangazo la kiwango kipya. Kwa sasa huulizwa na mtu kama mimi, mbele ya mteja, baada ya miaka kumi na miwili.

Kwa vitendo nimebadilisha mambo mawili. Ala mpya nachukua VST3 au CLAP, na zile zenye msimbo wazi nazipa kipaumbele. La pili ni kwamba mradi haufungwi kwangu kabla kila ala haijageuzwa kuwa WAV, faili la sauti tupu lisilohitaji plagini. Njia moja ya stereo ya biti 24 hula karibu MB 16 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne wenye njia ishirini unapita GB 1.2, na diski za nje zinagharimu fedha ambayo wateja hawataki kuisikia kwenye bei. Naiweka kwenye bei bila kuitaja.

Wimbo wa mwalimu ulinichukua siku tatu. Alikuwa na nakala ya mwaka 2013 kwenye simu, MP3 iliyochoka, nikawa naisikiliza kwa kifaa cha masikioni upande mmoja na kuijenga ogani upya upande wa pili. Ogani ilipatikana. Vinubi vilipatikana kwa kiasi ambacho mtu asiyevijua hatauliza. Kengele haikupatikana. Nilimwita mwalimu, akaketi, akasikiliza mpaka kwenye kiitikio.

"Kengele si ile."

"Si ile, mwalimu."

"Basi iondoe. Waache waimbe wenyewe."

Niliiondoa, na pale ilipokuwa ikilia sasa zinasikika pumzi za wale wawili kabla hawajaingia. Mradi nimeuhifadhi kwa WAV tupu, isipokuwa njia moja niliyoiacha bila sauti, yenye jina "kengele", na ndani yake plagini isiyopatikana pamoja na zile kurasa zake za herufi.